UZI: Holi na watoto wa chekechea (miaka 2 hadi 6): rangi, vipimo, usalama, na cha kuwaambia

MwlAwali_Tanga (mwanzisha uzi)

Wadau wa shule za awali, kila Februari ikielekea ukingoni maswali ni yale yale: Holi lini, rangi ipi, wazazi waambiweje. Tuyaweke sehemu moja. Ombi langu: anayechangia aweke kipimo na sababu. "Watoto walifurahi sana" haimsaidii mwalimu mwenye darasa la watoto 20.

Naanza na tarehe. Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, huangukia mwezi mpevu wa Phalguna (mwezi wa kalenda yao), kati ya mwisho wa Februari na Machi. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 25, 2025 Machi 14, 2026 Machi 4. Haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani kwa sababu kalenda ya Kihindu huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka mitatu hivi, ili sikukuu isitoke kwenye majira yake. Jioni ya kuamkia siku ya rangi huwashwa moto wa Holika, mwanamke wa kwenye hadithi ya sikukuu hii. Wagujarati, ambao ni wengi kati ya Wahindu wa Afrika Mashariki, siku ya rangi yenyewe wanaiita Dhuleti.

Angalieni kitu kimoja: miaka hiyo mitatu yote Holi imekutana na Ramadhani. Mwalimu aliyefunga asipangiwe kusimamia meza ya vyakula wala kuonja kitu, na michezo iwe asubuhi kabla jua halijakolea. Machi huku pwani si majira ya kuchipua, ni joto la mwisho wa kaskazi na masika yanabisha hodi. Mtoto wa Tanga ukimwambia "baridi imekwisha, miti inachanua" atakukodolea macho. Mwambie kuna nchi ya mbali ambako watu walikuwa wanavaa masweta, sasa wanayavua.

Karibuni. Aanze mwenye kujua unga wa rangi.

---

fundi_rangi

Unga wa rangi wa Holi unaitwa gulal. Wa kutengeneza mwenyewe ndio salama kwa umri huu, na si kazi kubwa ukianza siku tatu kabla.

Msingi ni konfulawa, ule unga mweupe wa wanga wa mahindi unaotumika kwenye kastadi. Sembe haifai: ina chenga, inakwaruza mashavu na haishiki rangi. Unga wa ngano unashika, lakini ukilowa unakuwa gundi kwenye nywele, na kuna watoto wenye mzio wa ngano.

Kwa rangi moja:
- konfulawa gramu 400
- maji mililita 200, yasizidi
- rangi ya chakula ya unga kijiko 1 cha chai kilichojaa. Kama ni ya maji, vijiko 3 vya chai, na upunguze maji kwa kiasi hicho hicho

Koroga rangi kwenye maji kwanza mpaka isibaki punje, ndipo umimine kwenye unga kidogo kidogo. Utaona kioja: ukikoroga kwa nguvu mchanganyiko unakuwa mgumu kama chokaa, ukiacha unatiririka. Ndivyo wanga ulivyo, haujaharibika. Tumia mkono, taratibu. Wengi hapa hudhani umekauka wakaongeza maji, na matokeo yake ni uji usiokauka hata siku ya tatu.

Tandaza kwenye sinia lililofunikwa karatasi, unene usizidi nusu sentimita. Weka kivulini penye upepo au chini ya feni, saa 24 hadi 36, ukivunjavunja mabonge kila baada ya saa chache. Ukikauka, saga kwenye blenda kwa mizunguko mifupi, acha vumbi litulie dakika mbili kabla ya kufungua mfuniko, kisha chekecha kwa chujio la chai au kitambaa chepesi.

Kiasi: gramu 60 kwa mtoto zinatosha kabisa, rangi zote pamoja. Watoto 20 ni kilo 1.2, yaani rangi tatu za gramu 400. Chagua nyekundu au waridi, njano na buluu. Usiweke kijani wala zambarau, watazipata wenyewe wakichanganya, na hilo tayari ni somo. Nyeusi na ya fedha achana nazo.

---

Kipepeo_Nyali

Mkuu, hapa Mombasa unyevu wa Machi unaujua. Naweza kuanika juani au kuingiza ovuni? Na zile pakiti za gulal za dukani zilizoandikwa "asilia" vipi?

---

fundi_rangi

Juani: rangi hufifia, hasa ya bitiruti na njano ya manjano. Kivuli chenye upepo kinashinda jua kali.

Ovuni ndiko watu wanakoharibu. Wanga wa mahindi ukiwa bado na maji huanza kuiva kati ya nyuzi joto 62 na 72 za Selsiasi. Ukiiva unakuwa chenga ngumu zisizosagika, na hizo ndizo zinazokwaruza macho. Kama lazima ovuni, iwe chini ya nyuzi 50, mlango umeachwa wazi kidogo. Ovuni nyingi za gesi hazishuki hapo, kwa hiyo kwako Nyali tumia feni na utandaze wembamba zaidi. Ukisikia harufu ya uchachu au ukaona vidoa vya kijivu baada ya saa 48, hiyo ni kuvu. Tupa, usijaribu kuuokoa kwa kuukausha tena.

Pakiti za dukani: neno "asilia" kwenye pakiti halithibitishi kitu. India kwenyewe rangi za Holi zilishakutwa na madini ya risasi, shaba na zebaki. Kama pakiti haitaji viungo na mtengenezaji, isiingie chekechea. Jaribio la haraka: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Kikiacha utando unaometameta juu, au kikatulia chini kama mchanga unaong'aa, hapana. Ila kikifaulu hapo bado hujathibitisha usalama, umeondoa tu zile mbaya za wazi.

La mwisho kwa leo, na hili sitanii. Unga wa wanga ukiwa hewani kwa wingi unashika moto. Huko Taiwan, Juni 27, 2015, unga wa rangi wa wanga wa mahindi ulirushwa jukwaani kwenye bustani ya michezo ya maji karibu na Taipei, ukalipuka moto. Watu 15 walifariki na karibu 500 waliungua. Kwa hiyo pasiwe na feni inayopuliza unga, mpulizo wa mashine, mshumaa, diya (kitaa cha mafuta), wala jiko la mkaa karibu. Rangi na moto visikutane hata kwa bahati mbaya.

---

NesiZamu

Naongezea hapo. Hata bila moto, vumbi hilo ni adui wa mapafu ya mtoto, mwenye pumu ndiyo kabisa. Kwa walio chini ya miaka sita kanuni yangu ni moja: rangi hupakwa, hairushwi. Na usitegemee kuwaambia tu "msirushe", utakesha. Fanya unga wenyewe usirushike.

Namna yake: chukua gulal iliyokwisha kukauka, vijiko 8 vya chakula, tia kijiko 1 cha mafuta ya nazi, fikicha kwa vidole. Inakuwa kama mchanga wa pwani wenye unyevu: ukiubana unashikana, ukiutupa unaanguka miguuni badala ya kupaa. Usijaribu kutia rangi ya chakula moja kwa moja kwenye mafuta. Rangi hizo huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta zinabaki vitone vikali vinavyochora ngozi. Lazima unga upakwe rangi kwa maji kwanza, ukauke, ndipo mafuta.

Mchezo huo ufanyikie kwenye nyasi au udongo. Kwenye vigae, unga wenye mafuta unateleza vibaya.

Kabla ya mchezo:
- Siku moja kabla, paka kidogo ndani ya mkono wa kila mtoto, chini ya kiwiko, kwa idhini ya mzazi. Angalia kesho yake kama kuna wekundu au vipele.
- Asubuhi, mafuta ya nazi usoni, nyuma ya masikio, shingoni, kwenye mstari wa nywele na kuzunguka kucha. Acha dakika 15. Rangi itakaa juu ya mafuta, haitazama kwenye ngozi.
- Mwenye kidonda, ukurutu uliochachamaa au macho mekundu hapakwi. Anapewa karatasi kubwa apake hiyo.
- Poda ya watoto isitumike kama msingi wa rangi. Ikivutwa puani na mtoto mdogo ni hatari.

Kuosha: futa kwanza kwa kitambaa kikavu. Ukianza na maji, rangi ya chakula inayeyuka na kuingia kwenye ngozi, utaosha mpaka jioni. Kitambaa kikavu, halafu mafuta ya nazi kwenye pamba, halafu sabuni laini na maji ya vuguvugu. Kisugulio, Jik na mafuta ya taa ni marufuku. Doa jepesi likibaki, litatoka lenyewe siku moja au mbili.

Rangi ikiingia jichoni: shika mikono yake asifikiche, mlaze kichwa upande, mwagilia maji safi kutoka kona ya pua kwenda nje, dakika 15 kamili kwa saa. Akiendelea kufumba jicho au kulia mwanga ukimpiga, hospitali.

---

Kipepeo_Nyali

Asante Nesi. Na rangi za jikoni, manjano na bitiruti? Nasikia ndizo bora.

---

fundi_rangi

Ni nzuri, ila kila moja na tabia yake.

Manjano: sehemu 1 ya bizari ya manjano kwa sehemu 4 za unga wa dengu, changanya vikavu, chekecha, basi. Unga wa dengu unaogesha ngozi vizuri, ila mwenye mzio wa jamii ya kunde asiguse. Nunua manjano nzima mkavu usage mwenyewe. Bangladesh ilishagundulika wafanyabiashara waking'arisha manjano kwa kromati ya risasi. Nguo zikipata doa la manjano kisha zikaguswa na sabuni, doa hugeuka jekundu. Wazazi hushtuka. Waambieni mapema: suuza, anika juani, jua linalifuta lenyewe.

Bitiruti: kuna mbili za wastani, kamua bila kuchemsha upate kama mililita 100, changanya na konfulawa gramu 200. Waridi tamu. Joto na mwanga huigeuza hudhurungi, kwa hiyo itengenezwe siku chache tu kabla.

Mchicha: kausha, saga. Kijani kilichopauka, na harufu ya mboga iliyolala. Mimi siipendi.

Choya: chemsha kiganja kimoja kwenye nusu lita ya maji. Kwa watoto wa miaka mitano hii ni hazina. Gawa kwenye vikombe vitatu, kimoja ubaki nacho, kimoja kamulia ndimu, kimoja mwalimu atie magadi kidogo. Ndimu inang'arisha wekundu, magadi yanauvuta kwenye zambarau hadi bluu au kijani. Kikombe cha magadi kisinywewe. Huko Gujarat kwenyewe, zamani rangi ya maji ilitoka kwenye maua ya mti uitwao kesudo, yanalowekwa usiku kucha na maji yanakuwa ya machungwa. Choya siyo kesudo, lakini wazo ni lile lile, ua linatoa rangi.

---

Mzazi_Upanga

Nawasoma kwa furaha. Niongeze upande wa nyumbani, maana mara nyingi shuleni Holi inabaki "siku ya kuchafuana", na watoto wetu wanarudi wakiuliza mbona hawakuambiwa kitu.

Hadithi mbili ndizo kuu. Ya kwanza ni ya Prahlad. Baba yake, mfalme Hiranyakashipu, alitaka watu wote wamwabudu yeye. Prahlad akaendelea kumwomba mungu Vishnu. Shangazi yake Holika, ambaye moto haukuweza kumdhuru, alikaa naye katikati ya moto akimpakata. Kinga ikamwacha Holika, mtoto akatoka salama. Kwa miaka mitano na sita inasimulika vizuri kwa vikaragosi vya miiko, na moto wa karatasi laini nyekundu na njano juu ya tochi. Kwa miaka mitatu ni nzito: shangazi anamchoma mtoto. Wape ya pili.

Ya pili ni ya mungu Krishna. Alikuwa na ngozi ya bluu, akamuuliza mama yake Yashoda mbona rafiki yake Radha hafanani naye. Mama akamwambia nenda kampake uso rangi yoyote uipendayo. Akaenda, wakapakana, wakacheka. Hapa naomba walimu muwe waangalifu. Masimulizi mengi yanasema Krishna alisikitika kwa weusi wake na Radha alikuwa mweupe. Mbele ya darasa la watoto weusi hilo halisemwi hivyo. Semeni walikuwa na rangi tofauti, na siku ile kila mtu akawa na rangi zote. Hadithi haipungukiwi kitu.

Msimwite mtoto mmoja mbele "atueleze Holi" kwa sababu tu jina lake ni la Kihindi. Anaweza kuwa Bohora au Khoja (jumuiya za Waislamu wa asili ya India), au Mkatoliki wa asili ya Goa, hajui zaidi ya wenzake. Muulizeni mzazi kwanza.

Vyakula: kwenye moto wa Holika sisi Wagujarati tunapeleka nazi, tende, dengu za kukaanga na dhani, yaani bisi za mtama. Bahati mbaya, hivyo vyote vikiwa vizima ni vya kupalia watoto wadogo. Chini ya miaka minne msiwape bisi, dengu nzima wala karanga. Tende zitolewe kokwa zikatwe vipande vidogo, nazi ikunwe. Puran poli, chapati laini yenye dengu tamu ndani, inafaa wote wasio na mzio. Thandai ya watu wazima ina lozi, na sehemu nyingine hutiwa bangi. Ya watoto ni maziwa lita 1, sukari vijiko 3 vya chakula, iliki iliyosagwa robo kijiko cha chai na shamari iliyosagwa kiasi hicho hicho. Chemsha, chuja, poza. Inatosha vikombe vidogo 12.

---

BabaPacha

Samahani nitauliza wanaloliogopa wengine. Kwa nini mtoto wa Kiislamu au Kikristo apakwe rangi za ibada ya Kihindu shuleni?

---

MwlAwali_Tanga

Swali halali, kaka, na shule ijibu kabla hujauliza. Ibada ni moto wa Holika na sala zake, na hizo hufanyika hekaluni au nyumbani, shule haizigusi. Kinachofanyika darasani ni hadithi na kupakana rangi. Kwa hiyo hatuweki sanamu, hatuwashi taa, hatuimbishi nyimbo za kumsifu mungu yeyote, na rangi haiwekwi nukta katikati ya paji la uso, maana hapo wazazi wengi wataiona ni alama ya dini. Mashavuni na viganjani tu.

Barua ya wazazi iende wiki mbili kabla, fupi namna hii:

"Ndugu mzazi, tarehe fulani watoto watajifunza kuhusu Holi, sikukuu ya Wahindu. Watasikia hadithi na kucheza kwa rangi za konfulawa na rangi ya chakula. Hakuna ibada. Tafadhali jaza: (1) anaruhusiwa kusikia hadithi: ndiyo/hapana, (2) kupakwa rangi: ndiyo/hapana, (3) kuonja vyakula: ndiyo/hapana, (4) ana pumu, mzio au ugonjwa wa ngozi? Mvalishe fulana kuukuu nyeupe, mletee nguo za kubadili na taulo."

Maswali yatenganishwe. Ukiuliza swali moja tu, mzazi anayepinga kuonja vyakula atakataa yote. Na aliyeandika hapana apewe kazi ya kweli, mfano kuchanganya rangi karatasini, siyo kukaa kwa mlinzi.

---

BabaPacha

Nimeelewa. Hiyo ya kutenganisha maswali ni sawa. Na mtoto mwenyewe asipotaka, ingawa mzazi karuhusu?

---

NesiZamu

Hapakwi. Wapo wasiovumilia kitu cha ungaunga mkononi. Fundisheni swali kabla ya rangi: "Nikupake?" Anayejibu hapana kwa kichwa ameshajibu. Kila mtoto aanze kujipaka mwenyewe kiganja, halafu mwalimu, na mwenzake wa mwisho. Mwalimu apakwe mbele ya wote, hapo woga wa wengi huisha.

---

Kipepeo_Nyali

Na maji je? Pichkari (bomba za kurushia maji ya rangi) za dukani wadogo hawaziwezi.

---

MwlAwali_Tanga

Zina bomba gumu la kusukuma, vidole vya miaka mitatu havina nguvu hiyo. Tumia chupa laini ya plastiki ya mililita 300, toboa kifuniko matundu manne kwa msumari uliopashwa moto (mtu mzima afanye, watoto hawapo). Au sponji zilizokatwa vipande vya sentimita 5, hizo hata wa miaka miwili wanaziminya. Maji lita 1 kwa robo kijiko cha chai cha rangi ya chakula. Tundikeni shuka kuukuu nyeupe kwenye kamba, usawa wa vifua vyao, wanyunyizie shuka badala ya nyuso. Baluni za maji hapana: zikipasuka, vipande vinaishia mdomoni. Beseni likae na maji kimo cha vidole vitatu, mtu mzima asiondoke, na mchezo ukiisha maji yamwagwe pale pale. Mtoto huzama hata kwenye maji ya kina hicho.

Chini ya miaka miwili, rangi zote ziacheni. Vrindavan, mji wa Krishna huko India, wana Holi ya maua. Petali za waridi na za marigoldi (yale maua yenye rangi ya machungwa) zilizooshwa, ndani ya sinia pana. Wanarusha wapendavyo, ila simama karibu, wataonja.

Mpangilio wa asubuhi: hadithi dakika 15, mafuta 15, rangi 15 hadi 20, shuka na maji 15, kuosha 40. Ndiyo, kuosha ndiko kurefu, na ndiko watu wasikokuhesabu. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano. Wapelekeni kuoga watano watano, wengine wakila tende. Ukiwaita wote kwa pamoja utapata foleni ya vilio.

---

Kipepeo_Nyali

Mvua ikinyesha siku hiyo hiyo?

---

Mzazi_Upanga

Ahirisheni bila wasiwasi. Maharashtra, jimbo la India, wana Rang Panchami, siku ya tano baada ya Holi, nayo ni ya rangi. Msilazimishe ndani ya darasa, vumbi halina pa kutokea.

---

fundi_rangi

Na gulal isiyotiwa mafuta iwekeni kwenye kopo kavu lenye mfuniko, na punje za mchele ndani ya kitambaa zinyonye unyevu. Mtaichekecha tena siku ya kutumia. Iliyotiwa mafuta haikai, hunuka mafuta yaliyochacha, hiyo itupwe. Iliyobaki kwenye masinia baada ya mchezo pia itupwe, msiirudishe kopo: ina mate, mchanga na jasho, na rangi zote zikichanganyika zinakuwa kahawia tu.